Kabla Hujaenda Kumchukua Rukia

Mwanangu Swaleh,

Salamu ulinipa mchana ulipokuja dukani kuchukua suruali yako, na dua nimeshakusomea, kwa hiyo vyote viwili navipita. Napita pia habari za godoro, jiko la mafuta ya taa na ufunguo wa nyumba ya Kilifi, maana hayo mamako ameyasema mpaka umeziba masikio. Kesho asubuhi unatoka kwangu. Unakwenda Mambrui na sisi wazee kumchukua mkeo Rukia kwao, kisha mteremke pamoja Kilifi mkaanze maisha kwenye vile vyumba viwili ulivyopewa na kazi. Hivyo ndivyo tulivyopanga. Lakini wewe wajua, na mimi najua, kwamba Rukia mwenyewe hajasema kama atakuja.

Nimeanza kuandika hapa dukani baada ya sala ya alasiri na hadi sasa sijafika popote. Nakaa, nasimama, natoka barazani, narudi. Mguu wangu unakanyaga cherehani na hakuna kitambaa chini ya sindano. Yule mzee jirani ameingia kuulizia kanzu yake ya Ijumaa nikaifunika karatasi kwa bitana kama mwizi, nikamkubalia kila alichosema ili atoke. Sasa nimemuahidi kola ambayo sijui hata inashonwaje.

Utajiuliza kwa nini naandika ilhali tunalala nyumba moja. Naandika kwa sababu nimejaribu kusema nikashindwa. Juzi nilikuita tukakaa pale mlangoni, ukadhani nataka kukuusia habari za kazi, nami nikakuuliza kama viatu vyako vinahitaji soli. Huku kwetu baba na mwana husemezana yote: nyavu, siasa, maiti, mpira. Hili moja hatulisemi. Baba yangu hakuniambia, na baba yake hakumwambia, na sote tumeingia vyumbani mwa wake zetu tukiwa tumevaa vizuri na hatujui kitu.

Naam, nazungumzia chumbani. Usiikunje karatasi. Uko peke yako unaisoma, na mimi siko hapo kukutazama.

Wiki iliyopita ulikuja kwangu umepandwa na hasira. Rukia alikwenda Mambrui kwa matanga ya shangazi yake, matanga yakaondoka, yeye akabaki. Kwanza alisema tumbo linamuuma, kisha akasema mama yake mgonjwa, kisha akawa hasemi kitu. Ukaniambia, "Baba, nimemnyima nini? Nguo anazo, chakula kipo, sijamtukana, sijamwinulia mkono. Huyu mwanamke hana shukrani." Nikaitikia kwa kichwa, lakini moyoni nilishtuka, kwa sababu maneno hayo niliyajua. Niliwahi kuyasema mimi, moja baada ya jingine kama ulivyoyapanga wewe, tena mbele ya kadhi.

Nitafika huko. Kwanza nikwambie aliyekuja dukani siku ya pili yake.

Alikuja Bi Mwanaisha, somo wa Rukia, yule aliyemfunda kabla ya harusi na kumsugua kwa liwa mpaka mtaa mzima ukanukia. Akaniletea buibui, eti nimpunguzie. Nikampima, buibui halikuwa na neno. Nikamwambia hivyo.

"Hilo najua," akasema, akakaa kwenye benchi la mlangoni. "Nataka maneno na wewe, Fundi. Waniweka mlangoni kama ombaomba?"

"Karibu, Bi Mwanaisha. Sema."

"Mwanao hana ubaya. Ila hana subira, na mwari wangu hana ulimi. Nimemfunda kila kitu, kuvaa, kunukia, kumpokea mumewe, kumridhisha. Kusema sikumfunda. Nasi hatukufundwa kusema."

Nikamuuliza Rukia ana nini hasa.

"Hasemi, alia tu. Nimembana mpaka akanambia. Ikifika usiku, akisikia viatu vya mumewe barazani, tumbo lamkaza. Lile tumbo alilosema lamuuma, Fundi, hakusema uongo." Akajifunga buibui lake, akasimama. "Na sasa nasikia wazee wenu waenda kumchukua. Atakuja, maana ana haya, hawezi kuwarudisha wazee. Lakini atakuja mwili tu. Mimi nishasema."

Akaondoka. Tangu siku hiyo, Swaleh, sijatulia. Nimeshona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, na si mara moja.

Sasa nikupe yangu, ambayo hujawahi kupewa. Wajua nilioa kabla ya kumwoa mamako. Wajua jina lake, Zuhura, na umemwona mitaani, mama mnene mwenye kicheko, ana watoto wake na wajukuu. Uliambiwa kwamba hatukuelewana. Majirani wengine watakwambia alikuwa hashiki mimba, na hao watoto wote aliowazaa kwa mume wa pili wanapita mbele yao kila siku na bado wanasema hivyo. Niliwaacha waseme. Ilinifaa.

Nilimwoa Zuhura nikiwa na umri kama wako. Nilisoma chuoni kwa maalim tangu mdogo, na maalim alitufundisha josho la janaba barabara, maji yaanzie wapi na yaishie wapi. Tulijua kuoga baada ya jambo. Jambo lenyewe hakuna aliyetufundisha, wala hapakuwa na wa kumuuliza. Marafiki zangu walikuwa na maneno mengi, na leo najua kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anajua. Upande wa pili, Zuhura aliwekwa ndani, akafundwa, akasuguliwa, akaambiwa mume anapenda nini, anachukia nini, amtazame vipi, aitike vipi. Ajabu ya mila yetu ndiyo hii. Watu wawili wanaingia safari moja, mmoja anafundishwa siku nyingi, mwingine anafungwa kilemba tu na kusukumwa mlangoni.

Fungate ilikuwa nyumbani kwao. Usiku wa kwanza, nje ya mlango walikaa somo wake na wanawake wawili wa ukoo, wakingojea kile kitambaa cheupe cha kushuhudia ubikira. Nilikuwa nawasikia wakikohoa. Nilisikia mmoja anaomba tambuu. Zuhura alikuwa anatetemeka, na mimi nilikuwa natetemeka zaidi yake, lakini nilidhani mwanamume hatetemeki, basi nikafanya haraka ili nisionekane. Nilimaliza kabla udi haujaisha kwenye chetezo. Kitambaa kikatoka, vigelegele vikapigwa, wanawake wakaniimbia, na mimi nikajua nimefaulu mtihani.

Vigelegele vile vimeniharibu. Mtu aliyeshangiliwa kwa kufanya vibaya atajuaje kama amefanya vibaya? Nilichukua haraka ile ya usiku wa kwanza nikaifanya ndiyo desturi ya nyumba yangu. Miaka minne. Nilirudi kutoka dukani, nikala, nikasali, nikamwendea mke wangu, nikageukia ukuta. Naye alifanya yote aliyofundwa. Kitanda kilikuwa na asumini, yeye alikuwa ananukia, alisema aliyofundishwa kusema. Mimi nikajiona jogoo wa mtaa. Nilimtazama kila mwanamume barazani nikasema moyoni, masikini, hawa hawana wanachokijua.

Kisha asumini ikaacha kuwekwa. Sikuuliza. Kisha akawa anachelewa kuingia kulala, ana vyombo, ana nguo za kukunja, ana sala za sunna zisizokwisha. Sikuuliza. Nilidhani labda mimi nimepungua nguvu, basi nikamwendea muuza mizizi pale sokoni, akaniuzia gome chungu nichemshe ninywe asubuhi na jioni. Nikalinywa mwezi mzima. Lilinipa kuharisha. Na hata lingenipa nguvu za ng'ombe, Swaleh, zingemsaidia nini yule mwanamke? Alichokosa hakikuwa nguvu zangu. Nilikuwa namwongezea mtu kile kile kinachomuumiza.

Siku aliyoondoka, nilikuwa napinda suruali ya mteja. Zuhura alitoka na kasha lake mpaka mlangoni mwa duka, ndugu yake akilishika upande wa pili. Nikamuuliza, nimekunyima nini? Naye, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kupandisha sauti, akasema kwa sauti ile ile ya chini:

"Kila anayeingia humu wamuuliza, hapa panakubana? Hapa je? Mtu hata humjui kwao. Mimi, miaka minne, hujaniuliza."

"Kukuuliza nini?"

Akanitazama. Bado naliona lile jicho. Halikuwa la hasira, afadhali lingekuwa la hasira. Akasema, "Basi," akainama, akafunga kasha lake kwa ufunguo, akaenda.

Mbele ya kadhi nilisema yale uliyoniambia wewe wiki iliyopita, nguo, chakula, mkono sijainua. Zuhura alipoulizwa ubaya wangu, alisema hana ubaya wa kusema, anaomba kuachwa tu. Alinisitiri. Angeweza kunivua nguo mbele ya watu wazima wote wale, naye alinisitiri, na mimi kwa kiburi nikatoka pale nikimwita mwenda wazimu. Hilo linanichoma kuliko lote. Kila nikimwona akipita na wajukuu zake nainamisha macho kwenye sindano.

Nimetoka kidogo. Jua limezama, nimekwenda kusali na kurudi, taa nimewasha. Moyo haunitulii kwa sababu sasa nimefika kwa mamako, na mtu hawezi kuandika neno la mkewe bila idhini yake. Nimekwenda uani. Alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi.

"Mama Swaleh," nikamwambia, "namwandikia mwanao."

"Najua. Tangu alasiri waniambia waandika vipimo. Vipimo gani hivyo, wamshonea tembo?"

"Nataka nimwandikie lile neno lako."

Hakuuliza neno lipi. Aliacha kukuna, akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Huoni haya, mzee mzima wewe?"

"Naona. Niandike, nisiandike?"

Akakuna nazi kidogo. Kisha akasema bila kunitazama, "Andika. Na umwandikie pia kwamba ulininunia siku tatu. Usijitie malaika."

Basi naandika. Nilimwoa mamako akiwa mjane, ananizidi akili na nadhani hata umri, ingawa hilo hatukubaliani. Katika wiki ya kwanza, nilipokuwa mbioni kama desturi yangu, aliniwekea kiganja kifuani na kusema neno moja: "Ngoja."

Nilinuna. Ndiyo, siku tatu. Nilijua ananilinganisha na marehemu. Nilijua amenidharau. Nilikuwa nala mezani peke yangu kama mgeni, na kila neno lililosemwa mtaani nilidhani nasemwa mimi. Siku ya nne aliniletea chai dukani, akaiweka kando ya cherehani, akahakikisha hakuna mtu, akasema, "Nilikwambia ngoja. Sikukwambia ondoka."

Nikaona joto masikioni. Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza maishani mwangu namuuliza mwanamke, "Ningoje mpaka lini?"

"Uniulize, nitakwambia," akasema. "Na wewe je? Wewe mwenyewe wapenda nini?"

Mwanamume mzima, nimeoa mara mbili, na sikujua ninapenda nini, kwa sababu aliyekuwa akikimbia hakuwa na nafasi ya kujua. Mwanangu, nilidhani raha yangu naijua kama jina langu. Nilichokuwa nakijua ni kumaliza. Yaliyofuata baada ya ile chai hayakuhusu na sitayaandika. Nikwambie tu kwamba asumini kwenye nyumba hii haijawahi kukatika, na hadi leo mimi ndiye ninayeinunua.

Wajua sasa kwa nini siwezi kukaa kitako. Sikuogopei kwa sababu wewe ni mbaya. Nakuogopea kwa sababu u mzuri, na umeridhika kwamba u mzuri, na hapo ndipo nilipokuwa mimi.

Najua pia mnakokwenda kujifunza ninyi vijana wa sasa. Usidhani sijui habari za zile kanda za video nyumbani kwa rafiki yako anayefanya kazi hotelini, zile alizoachiwa na watalii. Sikutukani. Sisi tulikuwa na maneno ya barazani, ninyi mna picha, lakini ni uongo ule ule umepakwa rangi. Yule mwanamke wa kwenye kanda analipwa apige kelele. Hana tumbo linalomkaza akisikia viatu. Ukimfanyia Rukia kama ulivyoona mule, utakuwa umewaleta watu wageni kitandani mwako, na mkeo atakuwa peke yake katikati yao.

Rukia unamjua wewe? Nauliza kweli. Namjua mimi kidogo, kama baba mkwe. Najua ni mwalimu wa watoto wadogo, najua anapenda kusoma gazeti kuanzia nyuma, najua akicheka anajizuia. Siku ile ulipomtania kwamba mchuzi wake hauna chumvi, nilimwona akicheka pamoja nasi, na baadaye nikamwona jikoni anauonja mchuzi peke yake, hacheki. Huyo ni mtu anayeweka mambo. Akinyamaza usidhani ameridhika. Zuhura alinyamaza miaka minne nami nikauhesabu ukimya wake kuwa ni sifa zangu.

Alifundwa kukuridhisha. Kwa hiyo utasikia maneno matamu na hutajua kama ni yake au ya Bi Mwanaisha. Njia ya kujua ni moja tu, nayo ni kumuuliza, tena mchana, mkiwa mmevaa, mkila maembe, mkienda pwani. Usiku mtu anajibu haraka ili yaishe. Muulize nini kinamuuma, nini hakimuumi, nini angependa kirefushwe, nini asingependa kabisa. Atakuficha mara ya kwanza. Atasema hakuna kitu. Usifurahi ukasema haya, yamekwisha. Siku nyingine muulize tena, kwa upole, na ukimuuliza usiwe na uso wa mtu anayengojea kusifiwa.

Na akikwambia neno litakalokuchoma, lipokee. Litakuchoma, sikudanganyi. Mimi nilinuna siku tatu kwa neno moja lisilo na tusi. Wewe jitahidi unune siku moja.

Mwili wake hauko kama wako. Wako ni mwepesi kuwaka, na hilo silo jambo la kujivunia, hata moto wa karatasi ni mwepesi kuwaka. Yeye aanza mbali. Aanza kwa jinsi ulivyomwamkia asubuhi, kama ulimsikiliza alipokuwa anakusimulia habari za watoto wa shule, kama ulioga ulipotoka kazini. Ukifika chumbani umemkatiza maneno siku nzima, usishangae ukikuta mlango wa moyo umefungwa. Kaa naye. Mguse bila kutaka kitu. Kuna siku mguse mlale, basi, ili ajue kwamba mkono wako ukimfikia haumaanishi kila mara kudai.

Akisema leo hapana, iwe hapana, na uso wako kesho asubuhi uwe ule ule. Ukimlipiza kwa kununa, mara nyingine atasema ndiyo kwa hofu, na ndiyo ya hofu ndiyo iliyomkaza tumbo. Na kama ni maumivu ya mwili yenyewe, maana hayo nayo yapo na si aibu, hospitali ya Kilifi iko karibu na mtakakokaa. Nendeni wote wawili. Usimpeleke ukakaa nje kama umeleta baiskeli kutengenezwa.

Mkimaliza, usigeukie ukuta. Hili dogo nalisema kwa sababu nimeutazama ukuta miaka minne na hauna kitu cha kusoma.

Na wewe pia useme yako. Nisikufanye mtumishi. Mwambie unachopenda, unachoogopa, mwambie usiku ule wa kwanza ulikuwa unatetemeka, maana najua ulitetemeka. Nilikuwa barazani na wanaume wengine, nilikuona ulivyokuwa unafunga kilemba chako mara ya tatu. Nilitaka kukuita pembeni nikwambie neno. Nikanywa kahawa. Ndiyo maana leo naandika kurasa zote hizi badala ya lile neno moja, na mamako ananiita chakula mara ya pili na sisikii njaa.

Sasa sikiliza habari ya kesho, maana hii ndiyo iliyonifanya nipige moyo konde na kumaliza barua.

Wazee hawaendi. Nimekwenda kwa ami yako na kwa wale wenzetu wawili waliokuwa waende nasi, baada ya magharibi, nikawaambia safari ya Mambrui imevunjika. Ami yako amefoka. Amesema namvunjia heshima, amesema mke hubembelezwa na wazee, mume akienda peke yake atadharauliwa. Nikamwambia basi adharauliwe. Mimi mwenyewe nilikuwa niwe msemaji, na kanzu yangu nilishaipiga pasi. Siendi. Rukia hawezi kuturudisha, Bi Mwanaisha amesema kweli. Tukienda sisi, atafunga nguo zake akiwa ameinamisha kichwa, na tutarudi tukisema tumeweza, na kumbe tumempakia mtu kama gunia. Vigelegele vingine vitapigwa. Mimi nimevichoka.

Nenda peke yako. Mpe mama yake shikamoo, kaa barazani kama mgeni, uombe kusema na mkeo kama atapenda. Usimwambie turudi. Usimsimulie vyumba viwili na bomba la maji ndani. Mwombe radhi kwa haraka yako, kwa maneno machache. Muulize panapombana ni wapi. Kisha unyamaze, Swaleh, hata kahawa ikipoa, hata ukisikia ndani wanawake wanakohoa.

Huenda asije. Lazima nikwambie hilo, ingawa mkono wangu hautaki kuliandika. Akisema haji, utarudi hapa kabla ya kwenda Kilifi, utakula, na hakuna atakayekucheka nyumbani kwangu. Na yeye hatasemwa na mtu, maana nitakayemsikia anamsema nitamjibu mimi, kwa yale niliyopaswa kusema kuhusu Zuhura.

Neno la mwisho. Mamako alitaka kasha la Rukia lipakiwe kesho pamoja na godoro lako, liende Kilifi moja kwa moja. Nimemkataza. Usiliguse. Akikubali, mtapita hapa wote wawili alichukue mwenyewe. Akikataa, nitampelekea kwao kwa mikono yangu.

Nimekwenda sasa hivi na taa chumbani kwenu kulitazama. Nilitaka kujua kitu. Alipoondoka kwenda matangani Rukia hakulifunga. Ufunguo ameuacha pale pale, unaning'inia kwenye kufuli.

Babako.